Hesabu Alizofundishwa Nicolasa

Nicolasa Huarcaya alipotolewa kwao Quellocancha, kijiji chetu cha milimani, alikuwa bado hajang'oka meno ya utoto. Baba yake alimpandisha punda, akamteremsha mpaka mjini, akamkabidhi kwa Doña Otilia Barrientos, mke wa mwenye mashamba, pamoja na jibini na kondoo aliyechunwa. Kwetu hatukusema ni kuuza mtoto. Tulisema ni kumtafutia mama wa ubatizo. Mama wa ubatizo angemlisha, angemvika na kumfundisha Kihispania. Naye mtoto angefagia, angeteka maji, na usiku angelala jikoni pamoja na simbilisi wa kufugwa.

"Jifunze lugha yao," baba yake alimwambia pale mlangoni kwa Kikechua, lugha yetu, kofia mkononi. "Asiyejua lugha yao huliwa mzima mzima."

Doña Otilia alikuwa na wana wawili, Germán na Fabricio, wavulana wa shule. Wote wawili waliongea Kikechua kama sisi, maana walikuzwa na yaya wa kwetu. Hao ndio waliojitolea kumfundisha Nicolasa kuhesabu. Walimkalisha uani baada ya chakula, wakampangia punje za mahindi juu ya jiwe, wakaanza: *uno*, *dos*. Hizo mbili walimpa sawasawa. Walipofika tatu, ambayo ni *tres*, wao wakamwambia ni *burra*, yaani punda jike. Nne wakaiacha ilivyo. Tano, *cinco*, wakaigeuza *piojosa*, mwenye chawa. Saba ikawa "nanuka." Walimfundisha kwa subira ambayo walimu wao wenyewe hawakuwahi kuiona kwao. Akikosea walimrudisha mwanzo. Akipatia walimpigia makofi.

Mtoto akashika. Alikuwa na akili nyepesi, na alitaka sana kupigiwa makofi.

Kisha wakaanza kumtuma dukani. Duka lilikuwa kwenye uwanja mbele ya kanisa, la bwana mmoja mnene aitwaye Don Casimiro.

"Haya binti, leo mama anataka mayai mangapi?"

"Mwenye chawa, bwana."

"Mangapi? Sikusikia vizuri. Panda juu ya gunia useme tena."

Nicolasa alipanda juu ya gunia la sukari akasema tena, kwa sauti. Don Casimiro alimwita kinyozi wa jirani. Kinyozi alikuja na mteja wake, povu la sabuni shavuni. "Mhesabie na hawa wasikie, binti, toka moja." Naye akahesabu, mikono nyuma kama alivyofundishwa, mpaka kwenye "nanuka," na wanaume wazima wakashikana mabega wasianguke. Mara nyingine walimpa peremende. Alirudi nyumbani na kapu lake akiamini kwamba mji mzima unampenda. Zaidi ya mwaka ulipita hivyo, na katika mji ule wenye padre, daktari na hakimu hakutokea mtu wa kumwambia.

Aliyemwambia ni mfuaji nguo mmoja wa kwetu, Mama Saturna. Siku hiyo Doña Otilia alikuwa na wageni wa sikukuu yake ya kuzaliwa, na Germán alimwita Nicolasa mezani awahesabu wageni ili supu iletwe ya kutosha. Aliwahesabu mmoja mmoja kwa kidole. Wa tatu alikuwa mke wa hakimu. Wa tano alikuwa padre. Padre alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitambaa cha meza. Nicolasa naye akacheka, kwa kuwa wote walikuwa wanacheka.

Mama Saturna alikuwa amesimama mlangoni na beseni. Akamvuta uani.

"Mwanangu, wewe unajua unachosema mle ndani?"

"Nawahesabu."

"Umemwita mke wa hakimu punda. Umemwita padre mwenye chawa. Na wewe mwenyewe umesema unanuka."

Nicolasa alimtazama. Kisha akauliza, "Sasa tatu ni nini?"

Mama Saturna hakujua. Alijua matusi ya Kihispania yote, maana ndiyo aliyoitwa, lakini namba hakuwahi kufundishwa.

Ikabidi Nicolasa azitafute mwenyewe. Alizipata chini ya dirisha la shule, alipokuwa akiwapelekea wale wavulana chakula cha mchana: alisimama na sufuria mikononi akisikiliza darasa la wadogo wakiimba namba, akazimeza zote. Kesho yake akaenda dukani kichwa juu.

"Mangapi leo, binti?"

"*Cinco*, bwana."

Don Casimiro aliegemea meza. "Eti nini?"

"*Cinco*."

"Sielewi. Sema vizuri, kama siku zote."

"Mayai *cinco*, bwana, tafadhali."

"Mayai hayo sina. Ninayo ya mwenye chawa tu. Ukiyataka unajua yanavyoitwa."

Kinyozi alikuwa ameshasogea mlangoni. Nicolasa akarudi nyumbani na kapu tupu, na Doña Otilia akamtandika kwa mwiko wa mbao kwa kuzurura. Akatumwa tena. Akapanda juu ya gunia, akasema. Safari hii alijua anachosema, nao walijua kwamba anajua, na walicheka kuliko mwanzo. Hivyo ndivyo alivyonunua mayai mpaka akawa msichana mkubwa, Don Casimiro akafa, na duka likachukuliwa na mtu wa Juliaca asiyejua mzaha ule.

Doña Otilia alipofariki, Nicolasa alirudi Quellocancha kwa miguu. Wazazi wake walikuwa wameshazikwa. Aliolewa na Eusebio Ticona, mchimba dhahabu aliyepanda migodini baada ya mavuno asionekane tena. Mtoto waliyepata alichukuliwa na kifaduro. Hayo alituambia kwa ufupi kama ninavyoyasema hapa. La mayai alikuwa akilisimulia kirefu. Alimsimulia mama yangu, mbele yangu, wakisokota sufu, na sauti yake haikupanda wala kushuka.

Kisha majenerali wakachukua serikali, wenye mashamba wakanyang'anywa ardhi, tukaambiwa sasa sisi ni ushirika. Watu wa elimu wakaja kutoka mjini. Wakasema watoto wetu wanafika darasa la kwanza bila neno la Kihispania, wanakaa kama magogo, mwalimu anawarudisha. Basi kijiji kijenge Nyumba ya Watoto, na kimchague mwanamke mmoja anayejua lugha awafundishe wadogo kuhesabu na kusalimia. Nani mwingine? Nicolasa.

Mimi nilikuwa katika kundi la kwanza. Nyumba yenyewe ilikuwa chumba cha matofali ya udongo, ngozi za kondoo sakafuni, mlango usiofunga vizuri. Tulikaa tumejibanza kwa baridi, pua zikitiririka, naye alisimama mbele yetu na fungu la upupu mbichi mkononi. Alikuwa akiukata alfajiri kando ya kijito, akiushika kwa kitambaa.

"Leta vidole."

Ulinyoosha vidole, ukahesabu. Ukisema namba kwa Kikechua, ulipigwa upupu juu ya vidole. Ukiruka namba, ulipigwa. Ukiitamka vibaya, *sinku* badala ya *cinco*, ulipigwa mpaka irabu inyooke. Vidole vilivimba kama viazi vidogo. Usiku nilivitumbukiza kwenye maziwa ya kondoo nikalia, na mama akasema, "Lia tu, lakini jifunze."

Amri yake nyingine hatukuielewa. Mwenzako akikosea, usicheke. Aliyekosea alipigwa mara moja. Aliyecheka alipigwa mpaka Nicolasa achoke mkono. Siku moja Wilber wa kwa Condori alisema *tre* akalegeza ulimi, dada yake akatoa kicheko kidogo puani. Nicolasa alimvua yule binti soksi, akamchapa upupu nyayoni, akamwamuru atembee mpaka kwao juu ya theluji.

"Kule chini hawatakuhurumia," alisema. "Heri mimi."

Wazazi walimwona ni mwalimu mzuri. Watoto wa Quellocancha walipofika darasa la kwanza walihesabu kuwashinda watoto wa vijiji vyote vya jirani.

Mwaka wangu wa pili kwake, ushirika ulileta karani wa sufu. Alishuka kwenye lori na sanduku moja, godoro, na mtoto wa kike wa miaka mitano hivi. Mke alikuwa amembwaga, akabaki Arequipa. Alikuwa ni Fabricio Barrientos.

Wazee walimtambua mara moja, wengine wakamwamkia kwa kofia kwa mazoea, halafu wakaona haya. Baba yake alikuwa na kondoo wasiohesabika; yeye sasa alikuwa akiandika uzito wa sufu ya watu wengine kwenye chumba chenye paa la bati. Alikunywa sana. Nicolasa alikutana naye kisimani siku ile ile. Fabricio alisema, "Habari za asubuhi, mama," akapita. Nicolasa aliendelea kuteka maji.

Yule mtoto aliitwa Jimena. Kikechua hakujua hata cha kuombea maji. Baba yake alimleta kwenye Nyumba ya Watoto asimsumbue kazini, akakaa nyuma na koti lake jekundu lenye vifungo. Alihesabu Kihispania mpaka mia bila kumeza mate, kwa hiyo upupu haukumgusa. Lakini nje hakuwa na mtu. Sisi tulicheza gololi za maharage na tulihesabu kwa lugha yetu, na kila akisogea tulimwambia, "Hujui kuhesabu wewe, kaa huko."

Alivumilia kwa muda. Halafu mchana mmoja, tukiwa tunakunja ngozi, alimwendea Nicolasa akamshika sketi.

"Mwalimu, nifundishe hesabu zao. Wananikataza kucheza."

Nicolasa aliweka kando ngozi aliyokuwa akiikunja. Kisha akaketi sakafuni. Hatukuwahi kumwona ameketi sakafuni.

"Njoo hapa, mama," alimwambia. Alimpakata. Akamimina punje za mahindi juu ya ngozi. "*Huk*. Sema."

"*Huk*."

"*Iskay*. Vizuri. Na hii, ya tatu, ni *khuchi*."

Tukanyanyua vichwa. Tatu ni *kinsa*. *Khuchi* ni nguruwe.

"*Khuchi*," akasema Jimena.

"Malaika wangu. Na nne, *tawa*. Na tano, *usasapa*." Aliyejaa chawa.

Wilber alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Tukamtazama Nicolasa, tukingoja upupu. Hakuinuka. Alitutazama mmoja mmoja juu ya kichwa cha yule mtoto, na usoni mwake tukaona kwamba leo ruhusa ipo. Tukacheka. Tulicheka mpaka tukagaragara, na Jimena akageuka akatuona tunacheka, naye akacheka kwa furaha, mara ya kwanza tangu afike.

Alimfundisha mchana baada ya mchana, taratibu, akimpapasa nywele. Sisi wengine tuliendelea kupigwa asubuhi. Jimena sasa aliruhusiwa kwenye gololi. Tulimwomba ahesabu yeye kila mchezo, tukawaita kaka zetu wasikilize. Alianza kumletea Nicolasa vipande vya mkate wa baba yake, amevificha mfukoni.

Siku ya kukata manyoya, kijiji kizima kilikuwa zizini. Wanaume waliwalaza kondoo, wanawake walikunja sufu, na Jimena alikuwa anarukaruka kati yao. Mtu mmoja akamwambia, "Hebu tuhesabie mafungu, senyorita." Akapanda juu ya rundo la sufu, akanyoosha kidole.

"*Huk! Iskay! Khuchi! Tawa! Usasapa!*"

Wanawake walianguka juu ya sufu. Mzee mmoja akakohoa, akatema majani ya koka aliyokuwa akiyatafuna. "Tena, tena!" Akarudia, kwa sauti zaidi, mashavu mekundu kwa jua na furaha. Nicolasa alikuwa amesimama kwenye ukuta wa mawe, mikono kifuani. Mama yangu alimtazama akaniambia baadaye kwamba hakuwahi kumwona mtu ameshiba vile.

Fabricio alitoka chumba cha mizani akiwa na kalamu sikioni. Alisikia yote. Alivuka zizi, akamshusha mwanawe kwa mkono mmoja, akamzaba kofi. Vicheko vikakatika.

"Wanakucheka, mpumbavu wewe! Wanakuita nguruwe na wewe unachekelea! Nani kakufundisha?"

Mtoto hakulia. Alikuwa bado anajaribu kutabasamu. "Mwalimu," akasema. "Ndivyo wanavyohesabu, baba."

Fabricio akageuka. "Wewe mama, una wazimu? Mtoto huyu kakukosea nini?"

"Mayai ya mwenye chawa, bwana mdogo," alisema Nicolasa kwa Kihispania safi. "Duka la Don Casimiro. Juu ya gunia la sukari."

Fabricio alikunja uso. Alimtazama kuanzia kofia mpaka viatu vya matairi.

"Sikukumbuki."

"Ulinifundisha wewe na Germán. Uani, kwa mahindi."

"Ah!" Uso ukamfunguka kidogo. "Wewe ni Asunta?"

"Asunta ni nani?"

"Yule... si Asunta? Kulikuwa na Asunta, na kabla yake mwingine mwenye kengeza. Germán ndiye alikuwa na mizaha ile, kila binti mpya akija." Akatikisa kichwa, na nikaona mdomo wake unacheza. "Huyo Asunta alikuwa kichekesho, maskini. Alihesabu mpaka ishirini. Lakini wewe, mama, hapana. Sikukumbuki kabisa. Na tulikuwa watoto."

Alimchukua mwanawe akaenda zake.

Nicolasa alibaki pale pale. Miaka yote alikuwa amejua kwamba mahali fulani duniani wapo watu wawili wanaomkumbuka akiwa juu ya gunia, nao wanacheka. Kumbe hakuwemo hata kwenye kicheko chao.

Mama yangu alimsogelea. "Mtoto ana kosa gani, Nico?"

"Na mimi nilikuwa na kosa gani?"

"Ndiyo maana nakuuliza."

Nicolasa akafunga shali yake, akaondoka.

Jimena alirudi darasani baada ya siku kadhaa, kwa kuwa baba yake hakuwa na pengine pa kumweka. Tulidhani Nicolasa atamwomba radhi, au atamfukuza. Alimwita mbele, akachuchumaa.

"Tatu ni *kinsa*," alimwambia. "Tano ni *pisqa*. Hizi ndizo za kweli."

"Unasema uongo."

"Naapa kwa mama yangu aliye kaburini. *Kinsa*."

Jimena aligeuka akaniangalia mimi, niliyekuwa karibu. "Ni kweli?" Nikamwambia ni kweli. Akatazama mdomo wangu, kisha midomo ya wengine, mmoja baada ya mwingine, kuona nani anabana kicheko. Hakuna aliyekuwa anacheka. Hakuamini hata hivyo.

Kuanzia hapo hakuhesabu tena. Si Kikechua, si Kihispania. Nicolasa alimwamuru, "Leta vidole, tuhesabu," naye alileta vidole akanyamaza. Yeye aliyejua mpaka mia! Asubuhi moja Nicolasa alimsihi kwa sauti ndogo, "Sema tatu tu, mama. Kwa lugha yenu. Wewe unaijua, hakuna anayeweza kukudanganya." Jimena alinyoosha vidole tu. Darasa zima lilikuwa linatazama, na amri ilikuwa amri. Nicolasa alichukua upupu akampiga juu ya vile vidole vyeupe, mara ya kwanza, halafu tena, halafu tena, na Jimena alimtazama machoni wakati wote bila kuvuta mkono. Nicolasa ndiye aliyetoka nje.

Kabla ya mvua Fabricio alifukuzwa kazi kwa ulevi, wakapanda lori la Juliaca. Nicolasa alikuja barabarani na kitambaa cha viazi vya moto na jibini. Fabricio alikipokea, akashukuru kwa adabu. Lori lilipoondoka, Jimena alikifungua kile kitambaa akaanza kutupa viazi barabarani, kimoja kimoja, bila haraka wala hasira. Mbwa wetu walilifuata lile lori mpaka kwenye kona.

Nicolasa alifundisha mpaka nilipokuwa msichana mkubwa. Upupu hakuuacha. Kisha serikali ikaleta mwalimu mwenye cheti, kijana wa Puno mwenye gitaa, aliyewafundisha wadogo kuhesabu kwa nyimbo na kuruka. Nyumba ya Nicolasa ilikuwa imepakana na darasa. Kila asubuhi alisikia watoto wakikosea namba na wakicheka, wote pamoja, hata yule aliyekosea. Alikwenda kwa mwenyekiti kulalamika.

"Wanacheka," alisema.

"Si ni watoto, mama?"

Alibomoa paa lake, akapakia bati na vyungu juu ya llama wake wa mizigo, akahamia machungani juu kabisa, mwendo wa nusu siku, ambako hakuna jirani. Mama yangu alikuwa akimpelekea chumvi. Alikufa huko mwaka wa ukame. Tuliokwenda kumteremsha tulikuwa karibu wote wanafunzi wake, na njia nzima hapakuwa na aliyesema jambo jema juu yake, wala aliyekubali kumwachia mwenzake zamu yake ya kumbeba.